Harufu ya Oili

Hivi wewe ungemkabidhi nani giaboksi ya otomatiki ya gari la zamani? Bi Zamzam, mwoka mikate, alikuwa na mafundi wawili mbele ya gari lake la kusambazia. Hamdu aligonga boneti, akasema, "Mama, giaboksi hii tupa, tufunge nyingine."

Fundi wa pili, Kidawa, alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanusa.

"Huyo anapika au anatengeneza?" Hamdu akacheka.

"Oili imeungua, Bibi," Kidawa akasema, "lakini giaboksi naifufua. Nitaifungua mbele ya macho yako."

Bi Zamzam naye akanusa kitambaa. Kweli, kama mkate uliosahauliwa jikoni. Akampa Kidawa ufunguo, ila hakuuachia upesi.

"Gari likipona, mwanangu, nifundishe kuliendesha. Miaka yote nimekaa pembeni ya dereva."