Msumari wa Juu

Kwa miezi miwili Bi Mwanakheri aliamka mabega na nyonga vimekakamaa, hata nguo akavishwa na bintiye. Majirani walisema ni uzee tu.

"Uzee hauji ghafla hivi, mama," alisema daktari baada ya kumpima damu. "Huu ni ugonjwa wa misuli, na dawa ipo. Meza kila asubuhi, wala usiache bila kuniuliza."

Siku ya tatu aliamka mwepesi. Hakumwita mtu. Aliinua mikono yote miwili hadi kwenye msumari wa juu, akaitungua kanzu ya marehemu mumewe, ambayo tangu msiba alikuwa akiitazama tu kutoka kitandani. Akazamisha uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu, asitake kuitoa.