Kitufe cha Kurudi Duniani

Nyumba yao ya Haltom City, Marekani, ilikuwa ikielea kati ya nyota, na ule mchezo wa ajabu uliowarusha huko ulikuwa umebakiza kitufe kimoja tu: RUDI DUNIANI.

"Bonyeza basi, dada! Kinazimika!" mdogo wake Sabine alilia.

Sabine aliweka kidole juu ya kitufe. Kilikuwa cha moto, kimelegea kama jino linalotaka kung'oka.

"Subiri," mama alisema kutoka dirishani. Burundi walimchomea nyumba. Kwenye kambi ya wakimbizi walimbomolea kibanda, maharage yakiwa bado jikoni. Juzi mwenye nyumba kawapa notisi ya kuhama. "Unaona mtu huko nje?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hata wa kutufukuza?"

Sabine alitazama lile giza.

Mama aliondoka dirishani. Aliingia jikoni, akabandika maharage.