Shimo la Kimeta

Shimo lilikuwa limemfika Ciakuthii kifuani, na bado Kiogora, msaidizi wa daktari wa mifugo, alitaka lichimbwe zaidi.

"Futi sita, mama. Kimeta hakizikwi juujuu."

Ciakuthii akafuta machozi, akashika jembe tena. Ukingoni, juu ya matawi waliyoyatumia kuuburuta, mzigo ulikuwa umelala, umefungwa kwa magunia na majani ya migomba, damu nyeusi ikivuja upande mmoja.

Ndipo Rwamba alipotokea na gadi wake wanne. Mwaka ule wa hamsini na tano, kituo cha gadi cha Kibugu kilikuwa chake: bunduki ya serikali, koti la serikali, na tumbo lililonona kwa mbuzi wa wajane. Ciakuthii alimtazama viatu tu. Uso wake hakuona kama unastahili kutazamwa.

"Nani kawaruhusu kutoka kijijini?"

Kiogora alimpa barua yenye muhuri. Rwamba aliishika juu chini, akatikisa kichwa kama mtu aliyeisoma hadi mwisho. Ciakuthii nusura acheke.

"Yaani mnazika ndama mzima na gadi wangu wanashindia maharagwe? Fungueni hayo magunia!"

"Fungua mwenyewe," Kiogora alisema bila kuinuka. "Damu ya kimeta haigandi. Ikikuingia kwenye mkwaruzo mdogo tu, unatokwa na kidonda cheusi kama makaa. Ukila nyama yake, tumbo linavimba, na siku ya tatu watu wanakutafutia jembe. Au wale gadi wako wawili waliokula ng'ombe wa Riungu, unadhani walikufa kwa kushiba?"

Gadi wanne walirudi nyuma hatua moja. Rwamba alirudi tatu.

Aliona kwamba wameziona hatua zake, akamgeukia Ciakuthii, yule mjane.

"Na wewe unalia nini? Machozi yote hayo ya ndama?"

"Ndiye aliyekuwa amenibakia," Ciakuthii alisema.

"Wajinga nyinyi. Yawekeni akiba hayo machozi. Huyo mwanao Njeru akishuka kutoka msituni kwa waasi wenzake, mwambie namngoja. Nitamlaza pale sokoni kila mtu amwone anavyooza, na asiguswe na mkono wa mtu. Fisi ndio watamzika."

"Nitamwambia."

Ciakuthii aliegemea jembe lake. Mtu huyu aliwahi kunywa uji jikoni kwake, miaka ya njaa, akilamba kibuyu. Leo hata hasira hakuwa na ya kumpa.

Rwamba alitema mate kuelekea shimoni. Hayakufika. Akaondoka akiwafokea gadi wake wasikanyage ile damu, naye mwenyewe akiruka-ruka kama jogoo kwenye matope.

Kiogora na Ciakuthii waliushusha mzigo taratibu, wakaufukia, wakamwaga chokaa juu ya udongo. Kisha Kiogora akagongomea kibao chekundu: HATARI. KIMETA. NI MARUFUKU KUCHIMBA HAPA.

Alingoja hadi koti la mwisho lilipopotea nyuma ya kilima. Akaangalia huku na huku, akavua kofia ya serikali, akapiga goti kando ya mwanamke yule.

"Sasa hakuna atakayethubutu kumfukua, mama," alinong'ona. "Muage Njeru."