Mshale Usiotetemeka

Ukumbi mzima jijini Toronto ulipiga makofi. Jukwaani, kijana wa kampuni moja ya kompyuta alikuwa akionyesha programu ya kurekodi skrini ya kompyuta, ya kutengenezea video za kunadi bidhaa. Mshale wa kipanya uliteleza kwenye skrini bila kuyumba hata kidogo.

"Hii tumeiunda wenyewe, tangu mstari wa kwanza," alisema akitabasamu.

Corinne, aliyeketi kati ya watazamaji, alihisi damu ikimchemka. Programu ile aliiandika yeye na marehemu mumewe, wakaigawa bure. Yeyote aliruhusiwa kuitumia, hata kuiuza, mradi asifute majina yao.

Alisimama. "Mwongo we! Jina la mume wangu umelipeleka wapi?"

"Mama, maswali baadaye, tafadhali."

"Baadaye lini? Unajua kwa nini huo mshale hautetemeki? Mume wangu alikuwa mgonjwa, mikono inamtetemeka, hata kijiko hakishikiki. Akaandika hicho kipande cha programu cha kuutuliza mshale, ili watu wasimwone anavyohangaika. Leo wewe unajiita fundi wa programu hii?"

"Mjibu!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Kijana alinyoosha mkono kuzima skrini.

"Thubutu uizime," Corinne alisema, na tayari alikuwa anapanda ngazi za jukwaa.