Saluti za Kumpokea Tembo

Mji wa wanyama wadogo ulikuwa na askari jamii mmoja tu, Nguchiro. Akimfukuza nyoka mtaa huu, mwingine anaingia mtaa wa pili, na miguu ilikuwa inamwaka moto. Kwa hiyo aliposikia kwamba Tembo anakuja kuukagua mji ili atoe ruzuku ya kuajiri askari zaidi, moyo ulimtulia.

Lakini Meya Tausi hakupenda kuaibika mbele ya mgeni. Asubuhi ile aliwavika bata, sungura na kuku sare za kuazima, akawapanga kila kona wapige saluti.

“Mheshimiwa, si tunaomba askari?” Nguchiro aliuliza.

“Na mgeni aukute mji mtupu? Acha ushamba, bwana.”

Tembo alizunguka, akapigiwa saluti mpaka akachoka. “Hongereni, mmejitosheleza. Ruzuku nitawapa jirani zenu. Wale hawana hata askari mmoja. Tena mngewaazima mmoja wenu, yule mzoefu zaidi.”

Tausi aliinama kwa heshima. “Bila shaka, mzee.”

Wenye sare wote walitazama chini. Nguchiro alivua filimbi shingoni, akamvisha Meya.

“Mimi ndiye ninayeazimwa, Mheshimiwa. Nyoka wa leo yuko nyuma ya soko.”