Gundi Isiyotii

Siku hizi gundi zote za dukani hutii rimoti ya serikali. Ukikaidi amri ya kuhama, afisa anabonyeza, na kila ulichogundisha kinabanduka. Majirani wa Nyamizi, muuza dagaa, walishaondoka kwa miguu, mitumbwi yao imebaki mbao tupu.

Afisa Magesa alisimama mlangoni kwa Nyamizi akabonyeza. Mtumbwi uani ukatulia. Akabonyeza tena kwa nguvu. Hata vigae vya jikoni havikutikisika.

“Mama, umetumia gundi gani?”

“Ya utomvu wa mti. Nimeipika mwenyewe kwenye sufuria ya ugali.”

“Unajua ni kosa.”

“Najua.”

Magesa akageuka kwenda kuita wenzake. Soli zote mbili za viatu vyake, zilizoshikwa kwa gundi ya dukani, zikabaki kizingitini.

Nyamizi akamsogezea kigoda. “Kaa, baba, nikugundishie. Ila ukitoka hapa na gundi yangu miguuni, kosa ni letu sote.”

Magesa akatazama barabara yenye kokoto, kisha akakaa.