Kaburi la Farao na la Mzee Fakihi

"Mawe yale ya piramidi yaliburuzwa kwa kamba," alisema Karani Kornelio, amekaa juu ya rundo la mchanga, jembe kalilaza pembeni kama mgonjwa.

"Yalipandishwa na majini," alijibu Nikodemu. "Mie nilifika Misri na jeshi la Mwingereza. Wewe ulikuwa ofisini na chai yako."

Shimo lilikuwa la magotini. Maiti ya Mzee Fakihi ingeletwa kutoka hospitali alasiri, na adhuhuri ilishapita. Lakini wasomi wetu wangechimbaje kaburi la Temeke kabla hawajalimaliza la Farao?

Mara akatokea mtu anachechemea. Kanzu ya Fakihi, fimbo ya Fakihi, kichwa na uso vimezungushiwa bendeji, yamebaki macho.

"Mtani huyo!" Kornelio akapiga makofi. Msibani mtani ndiye huvaa nguo za marehemu akamwigiza, wafiwa wapate kucheka. "Kaja na vitambaa kama maiti wa Misri!"

"Nyie wavivu," alisema mgeni, "hili shimo la mtu au la mgomba?"

Wakacheka. Sauti ileile!

"Kitendawili!" akasema mgeni.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Piramidi!" Nikodemu akawahi.

"Yai, bwege wee. Na Misri hukufika. Vita vyote ulimenya viazi Moshi. Uliniambia mwenyewe, tuko wawili, huku unalia."

Nikodemu akasonya. Kumbe Mzee Fakihi, Mungu amrehemu, hakuwa na siri. Hata mtani kamwambia.

Mgeni akaomba maji. Wakamjibu marehemu hanywi. Akakohoa mpaka akashika magoti.

"Hata kikohozi kakipatia!"

Akaomba aitiwe mkewe, Mauwa. Wakamwambia Mauwa kaingia eda, haonani na wanaume.

Basi akavua makubazi, akashuka shimoni, akachimba mwenyewe. Wao wakarudi kwenye kamba na majini. Kila akipumzika anajilaza kujipima, anaguna kwamba pembamba. Ilipofika alasiri shimo lilikuwa la kifuani, na mabwana wale wakakiri kwamba mtani kama huyu Temeke haijapata kumwona.

Ndipo Mwinshehe alipofika mbio kutoka Vingunguti, jasho linamtiririka, uso kaupaka unga.

"Jamani, watani zangu, niwieni radhi nimechelewa. Kanzu ya marehemu iko wapi niivae?"